Maman ya Telefone: Kisa cha Familia Iliyosubiri Miaka Miwili na Nusu Kumchukua Mtoto Lubumbashi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya maofisa ustawi wa jamii, washauri nasaha na wazazi wanaojiandaa kusafiri kwenda nchi nyingine kuasili mtoto. Wazazi wenyewe wameridhia kiandikwe. Majina, kazi zao, nchi wanayoishi na mambo mengine yanayoweza kuwatambulisha yameondolewa au kubadilishwa. Mama nitamwita Bi. Z na baba Bw. K. Mtoto nitamwita mtoto tu, kwa kuwa jina lake lilikuwa sehemu ya mgogoro. Mimi niliingia kuwashauri Novemba 2013, kwa njia ya simu, wakati Bi. Z amekwisha kukaa ugenini karibu miezi mitatu, na baadhi ya makosa yatakayoelezwa hapa ni yangu.

Usuli

Bw. K alizaliwa Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, akaenda Ulaya kusoma na hakurudi kuishi. Bi. Z ni mzaliwa wa pwani ya Kenya. Walikuwa na mtoto mmoja wa kiume, na baada ya mimba tatu kuharibika waliamua kuasili mtoto wa pili. Walichagua Lubumbashi kwa sababu mbili walizozitaja mara nyingi: mtoto angekuwa wa mji wa baba yake, na Kiswahili kingekuwa lugha ya nyumba nzima tangu siku ya kwanza. Sababu ya pili ilikuja kuwadanganya kuliko walivyotarajia.

Kongo haikuwa mwanachama wa Mkataba wa The Hague wa 1993 unaosimamia uasili baina ya nchi na nchi, kwa hiyo hapakuwa na mamlaka mbili za serikali zinazozungumza moja kwa moja kuhusu kila faili. Kazi ilifanywa na wakili, wakala wa huko, na mahakama ya watoto, chombo kilichotokana na sheria ya kulinda mtoto ya Januari 2009. Hukumu ilitoka Juni 2013. Tangu siku hiyo Bi. Z na Bw. K walikuwa wazazi kisheria wa mtoto ambaye walikuwa wamemwona katika picha nne tu. Kilichobaki ni kibali cha kutoka nchini, ambacho hutolewa na Idara Kuu ya Uhamiaji, ile ambayo Wakongo wote huiita DGM. Na kwa kuwa Kongo haitambui uraia pacha, Bw. K alihesabiwa mgeni katika mji aliozaliwa, akapangwa foleni moja na wageni wengine.

Yaliyotokea

Walifika katikati ya Agosti 2013, wakiwa na likizo ya majuma matano, na mtoto wao wa kiume, mwenye miaka tisa, wakamwacha kwa rafiki. Mtoto waliyemfuata alikuwa na miaka mitatu na mwezi mmoja. Tangu atolewe kituoni akiwa na miezi kumi alikuwa akiishi kwa mlezi, mjane wa miaka hamsini na kitu, ambaye mtoto alimwita Mamu. Siku ya kwanza Mamu alimvalisha gauni la kanisani, akamsukuma taratibu mgongoni aende kwa mama yake. Mtoto alikwenda, akaketi pajani kwa Bi. Z, viganja vimekaza magotini, hakulia. Picha iliyopigwa wakati ule ilitumwa kwa jamaa na marafiki kama ushahidi kwamba mambo yameanza vizuri. Nimeitazama mara nyingi. Macho ya mtoto yanaangalia mlangoni, aliposimama Mamu.

Siku ya tatu walimhamishia nyumbani kwa dada yake Bw. K, walikofikia wao. Jioni nne mfululizo mtoto aliuliza, kwa Kiswahili cha Lubumbashi, "Mamu iko wapi?" Jioni ya pili Bi. Z, ambaye masikio yake ya pwani yalikwaruzwa na lile neno, alimjibu, "Sema yuko wapi." Jioni ya tano mtoto hakuuliza tena, na watu wazima wote wa nyumba ile wakashusha pumzi.

Faili lilipelekwa DGM mwanzoni mwa Septemba. Tarehe 25 Septemba 2013 utoaji wa vibali vya kutoka kwa watoto walioasiliwa na wageni ulisimamishwa. Maofisa walitaja mashaka juu ya nyaraka za kughushi na taarifa kwamba watoto wengine wakifika nje hunyanyaswa au hukabidhiwa kwa watu wengine. Waliokwama, kwa hesabu zilizotajwa wakati ule, walizidi watoto 1,000 wa familia za Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Bw. K aliongeza likizo bila malipo, kisha katikati ya Oktoba akarudi kazini na kwa mtoto wao mkubwa. Bi. Z akabaki.

Alibaki miezi minne na nusu katika nyumba ya wifi yake, na hapo ndipo lilipotoka jambo ambalo katika fomu zote za maandalizi halikuwa na kisanduku. Wifi alimpokea vizuri, akampa chumba, akamfundisha kupika bukari (ugali) na sombe (kisamvu) kama wanavyopika wao. Lakini usiku mmoja, umeme ukiwa umekatika, alimwambia wazi: "Wifi, watoto wa marehemu kaka yetu wako humu humu mjini. Ada ya shule ni shida, chakula ni shida. Wewe umewaruka ukaenda kuchukua mtoto ambaye hatujui hata kwao." Bi. Z hakuwa na jibu. Aliniambia baadaye kwamba tangu usiku ule kila alipomnunulia mtoto maziwa alijihisi anaiba.

Desemba, mvua zikiwa zimeshika, mtoto alipata malaria. Bi. Z alikesha naye usiku tatu, akimkanda kwa kitambaa na kumpa dawa kwa kijiko. Usiku wa tatu homa ilipoanza kushuka, mtoto alinyoosha mkono, akashika sikio la Bi. Z na kulisokota polepole mpaka akalala. Ndivyo alivyozoea kufanya kwa Mamu. Miaka mitatu baadaye Bi. Z bado anasema kwamba yeye alizaa mara mbili, na mara ya pili ilikuwa usiku ule.

Mwishoni mwa Februari 2014 fedha zilikuwa zimekwisha, mwajiri wake ameandika barua ya mwisho, na mtoto wa kiume amemwambia mwalimu wake kwamba mama amehamia Afrika. Bi. Z aliondoka mchana, mtoto akiwa usingizini. Mtoto akarudishwa kwa Mamu, ambaye alilipwa fedha za matunzo kila mwezi. Mamu alisimulia baadaye kwamba kwa siku kadhaa mtoto alikuwa akichungulia chini ya kitanda na ndani ya pipa la maji. Kisha akaacha, na kushika masikio akaacha pia.

Zikafuata simu za kila siku. Kufikia Juni mtoto alikuwa akipewa simu, anaitazama, anailaza kifudifudi mezani na kwenda zake. Bi. Z alikwisha kupewa jina: maman ya telefone, ili asichanganywe na Mamu.

Aprili 2015 walikwenda tena, safari hii wakiwa na mtoto wao wa kiume, wakakaa majuma matatu. Mwanzoni mwa 2016, baada ya kamati ya wizara kadhaa kupitia mafaili, watoto wengi waliokuwa wamezuiwa waliruhusiwa kuondoka, na jina la mtoto huyu likawamo. Machi 2016 alisafiri na wazazi wake, akiwa na miaka mitano na miezi minane.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa Bi. Z kubaki, badala ya Bw. K, ulifanywa kwa nusu saa. Mshahara wa Bw. K ndio uliolipia nyumba, na wote wawili waliamini kwamba mtoto mdogo anamhitaji mama. Hakuna aliyeuliza ni nani kati yao atakayeweza kuishi kwa wakwe bila mwenzake. Bw. K angekuwa kwa dada yake, na yale maneno ya usiku angeyajibu kama ndugu wa damu. Bi. Z aliyapokea kama mshtakiwa.

Kuondoka mtoto akiwa amelala ulikuwa ushauri wa wifi, majirani na hata Mamu mwenyewe. Hoja yao inajulikana na kila mzazi wa kwetu aliyewahi kutorokea kazini asubuhi: mtoto akikuona unaondoka atalia mpaka augue. Bi. Z alinipigia kuniuliza. Nilimwambia afanye linalompa nafuu. Lilikuwa jibu la mtu anayemhurumia mama akamsahau mtoto, na ndilo kosa ninalolijutia zaidi katika kisa hiki.

Simu za kila siku pia zilikuwa ushauri wangu. Nilifikiri wingi wa mawasiliano utashikilia uhusiano. Sikujua, kwa kuwa sikuuliza, kwamba simu ilipigwa saa kumi na mbili jioni, wakati Mamu anaivisha chakula na mtoto anacheza uani na wenzake, kwa hiyo kila siku mama wa mbali alikuwa ndiye anayekatiza mchezo.

Katika safari ya 2015 walijiwa na mtu aliyejitolea kumtoa mtoto kwa barabara kupitia mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia, mwendo usiofika kilomita 100 kutoka Lubumbashi. Bei ilitajwa, na gari lilikuwa tayari. Bw. K alitaka kukubali. Alisema, na sioni sababu ya kumlaumu, kwamba mtoto ni wake kwa hukumu ya mahakama na hamwibi mtu. Bi. Z ndiye aliyekataa, kwa hoja moja tu: mtoto angevuka mpaka akiwa amefichwa, na kama angelia wangelazimika kumziba mdomo. Ubalozi wa nchi yao nao usingetoa viza kwa mtoto asiye na kibali, lakini hilo walilifikiria baadaye. Wiki mbili zilizobaki za safari ile wenyewe walisemeshana kwa kupitia mtoto wao wa kiume.

Uamuzi uliobadilisha mambo ulifanywa kabla ya safari ya tatu. Badala ya kumtoa mtoto kwa Mamu siku ya kwanza, waliomba wao waende kukaa kwa Mamu. Bi. Z alilala chumba kimoja na Mamu na mtoto kwa siku nane, mkeka chini, akafua, akachota maji, akafundishwa jinsi ya kumsuka bila kumuumiza. Siku ya sita Mamu alimketisha mtoto akamweleza kwa lugha yao kwamba atakwenda mbali kwa ndege, kwamba Mamu haendi, kwamba hajafukuzwa wala hajakosea, na kwamba watazungumza Jumapili. Mtoto alilia usiku mzima. Wote watatu walilia. Siku ya safari Mamu alimfunga kiunoni kipande cha kitenge alichokuwa amekilalia yeye mwenyewe wiki nzima, bila kukifua.

Kuhusu jina: kituo kilimwandika jina moja, Mamu akampa jina la mama yake mzazi, na hukumu ilibeba jina la tatu walilolichagua wazazi kabla ya kumwona. Walikusudia lile la tatu litumike. Mtoto aliitika kwa lile la Mamu peke yake, na hatimaye walikubali kuliacha hilo ndilo la nyumbani.

Matokeo

Miezi ya kwanza Ulaya ilikuwa migumu kuliko miezi yote ya kusubiri, jambo ambalo wazazi hawakuwa wameambiwa na mtu yeyote. Mtoto alikula mpaka akatapika, na vipande vya mkate vilikutwa ndani ya mto wa kulalia, ndani ya viatu na nyuma ya redieta. Kwa Bw. K alikwenda bila shida. Kwa Bi. Z alikuwa na adabu kama mgeni, anashukuru kwa kila kitu, haombi kitu. Sikio la kwanza alilolishika katika nyumba ile lilikuwa la kaka yake, ambaye wakati wa kusubiri alikuwa amerundika vitu vyake vyote juu ya kitanda kilichotandikwa kwa ajili ya mdogo wake, na ambaye sasa hakuthubutu kujigeuza usiku asije akamwamsha.

Wiki ya sita Bi. Z alianza kuoga mara tatu kwa siku ili apate mahali pa kulia. Daktari wa familia alimkuta na sonona. Aliona aibu kuliko alivyoona huzuni, kwa kuwa watu walikuwa wakimpigia kumpongeza, na mtu anayelia baada ya kupewa alichokililia miaka miwili na nusu hana pa kujitetea. Alipata dawa na vikao vya ushauri kwa miezi kumi. Katikati ya 2017 alikuwa amerudi kazini. Mtoto wakati huo alikuwa anamgombeza, anamnunia na kumpigia kelele kama mtoto yeyote anayejua kwamba mama haendi popote. Kiswahili chake, kile cha Lubumbashi, kilikuwa kimepungua sana, isipokuwa Jumapili anapozungumza na Mamu.

Uchambuzi

Kilichoshindikana kwanza ni kusoma ukimya. Katika miaka ya 1950 watafiti wa Uingereza James Robertson na John Bowlby walieleza kwamba mtoto mdogo anayetenganishwa na mlezi wake hupitia kupinga, kisha kukata tamaa, kisha kujitenga, na kwamba hatua ya mwisho huwadanganya watu wazima kwa sababu inafanana na kuzoea. Kisa hiki kinaonyesha mfano wake mara mbili. Mtoto aliyeacha kuuliza "Mamu iko wapi" na mtoto aliyeacha kuchungulia pipani wote walipongezwa kwa utulivu. Sisi watu wa Kiswahili tunampenda mtoto mtulivu, tunamwita ana adabu, na ni rahisi kutoona pale adabu inapokuwa ni mtu mdogo aliyeacha kutegemea kujibiwa.

Lugha ya pamoja iliwapa wazazi ujasiri usio na msingi. Kiswahili cha Mombasa na cha Lubumbashi vinasikilizana, lakini kwa mtoto wa miaka mitatu lugha ni sauti ya mtu fulani kabla haijawa maneno. Kumsahihisha "iko" kuwa "yuko" wakati anamuulizia mtu aliyempoteza ni kosa dogo la sekunde tatu, na Bi. Z analikumbuka kuliko fedha zote zilizopotea. Nililiweka hapa kwa ruhusa yake, kwa sababu linaonyesha namna mzazi mwema anavyoweza kusikia sarufi asisikie swali.

Kuhusu kusubiri kwenyewe, mtafiti wa Marekani Pauline Boss ameeleza aina ya upotevu usio na mpaka, ambapo mtu hayupo ila hajafa. Bi. Z alilipata jina lake mwenyewe: msiba usio na matanga. Kwao mtu akifiwa watu huja, huketi, hula, hulala chini pamoja na wafiwa, na ipo siku ya kuanua tanga. Yeye alikuwa na mtoto hai, picha zake ukutani na kitanda kimetandikwa, na hakuna aliyekuja kuketi naye. Wenzake kazini walimuuliza "vipi ule mpango wenu?" kana kwamba ni kiwanja. Kilichomsaidia ni kikundi cha wazazi wengine waliokwama kama yeye, ambao wengi wao hakuwahi kuwaona ana kwa ana, na ambao walikuwa wakitumiana ujumbe saa nane za usiku. Mimi nilichelewa kumwelekeza huko kwa karibu mwaka mzima.

Lawama ya wifi haikuwa wivu, ingawa Bi. Z aliieleza hivyo mwanzoni. Katika familia nyingi za Kongo, kama kwetu, mtoto wa ndugu ni mtoto, na kumlea hakuhitaji mahakama. Kuasili mtoto asiye wa ukoo kupitia hakimu, huku yatima wa ukoo wapo, ni kitendo kinachohitaji kuelezwa kwa wazee kabla ya safari, kwa mdomo wa mtu wa ukoo ule. Bw. K alikwepa mazungumzo hayo kwa miaka mitatu akamwachia mkewe ayabebe. Mwaka 2015 aliyafanya, akachukua jukumu la ada za watoto wawili wa marehemu kaka yake, na sauti ya nyumba ile ikabadilika.

Kilichofaulu zaidi ni zile siku nane. Hazikumpunguzia mtoto machungu, ila ziliyaweka mahali ambapo watu wazima waliyaona na kuyataja, na zilimpa mtoto ruhusa ya kumpenda Bi. Z bila kumsaliti Mamu, kwa sababu ruhusa ilitoka kwa Mamu mwenyewe. Mwaka 2013 mlezi huyu alichukuliwa kama kituo cha njiani. Angeulizwa wakati ule kuhusu sikio, kuhusu saa ya kupiga simu, kuhusu jina, angejibu yote kwa dakika tano.

Sisemi kwamba maandalizi haya yangezuia sonona ya Bi. Z. Alikuwa amechoka mno, na mtoto aliyefika hakuwa yule aliyemshika sikio Desemba ile. Alikuwa ameongeza miaka miwili ambayo mama huyu hakuwamo.

Jambo lililobaki

Walipokuwa wakipanga nyaraka za mtoto mwaka 2017 waligundua kwamba karatasi mbili za kituo zinataja tarehe tofauti za kupokewa kwake, zikipishana kwa miezi minne, na kwamba moja inasema mama mzazi alifariki na nyingine haisemi kitu. Ni mashaka ya aina hii hasa yaliyotajwa mwaka 2013 wakati vibali viliposimamishwa, na ambayo Bi. Z alikuwa akiyaita visingizio. Wamekwisha kuandika kwa wakili wa Lubumbashi na wamemwomba Mamu asimulie, kwa sauti iliyorekodiwa, kila anachokumbuka kuhusu siku alipokabidhiwa mtoto. Mamu anakumbuka kwamba alikuwa amevaa soksi moja. Rekodi hiyo na zile karatasi mbili zimewekwa katika bahasha moja, na wazazi wamekubaliana kumwonyesha mtoto siku atakayouliza, hata kama jibu la wakili litakuwa bado halijafika.